Lipu ya Marudio

Kwako Minza,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuja kuniaga hapa saiti. Ulinikuta juu ya jukwaa na mwiko mkononi, ukaniamkia kutoka chini, nami nikakuitikia bila kushuka. Ulidhani kazi imenibana. Haikunibana. Niliogopa kushuka. Sasa ni saa tisa mchana, wenzangu nimewaruhusu waende, nimekaa juu ya mifuko ya saruji nakuandikia kwa penseli ya kuchorea mbao. Ukiona herufi nene kama za kwenye magunia ya mpunga, vumilia. Mimi niliishia darasa la tano, lakini la tano la enzi zetu ni sawa na kidato cha nne cha leo. Hilo unalijua, nimekwambia mara nyingi mno.

Mambo ya kufunga begi, ya kuficha nauli na ya kutokula vya stendi, mama yako ameshakwambia na atakwambia tena mpaka basi liwashwe. Siyarudii. Nina jambo moja tu, na naliandika sasa kabla sijapata nafasi ya kulipamba.

Mama yako haumwi presha. Hana kisukari, na hakurogwa. Anaumwa nyumba. Ile nyumba yenu ya Nyasubi ndiyo inayomtetemesha mikono, mimi ndiye niliyeijenga, na nimelijua hilo kwa miaka mitatu.

Rudia kusoma hapo kama hukuelewa, kisha endelea. Ukinichukia, unichukie ukiwa na habari kamili.

Unakwenda Mbeya kusomea ujenzi. Watu wote hapa Kahama wanasema umenifuata mimi, na mimi nilikuwa wa kwanza kulisema. Sijisifu, lakini nyumba nilizozisimamisha mji huu ukizipanga mstari zinafika Isaka na inabaki moja ya kuweka choo. Nimewahi kujenga tofali elfu moja kwa siku moja nikiwa na malaria. Nimewahi kuutambua ukuta uliopinda nikiwa nimelala ndani ya nyumba ya jirani, kwa kusikiliza tu. Ulipokuwa mdogo uliziamini zote hizi na kunipigia makofi, na mimi nikaona nina hadhira. Laiti ungenicheka mapema.

Kazi nilifundishwa Masumbwe na mzee mmoja Msumbwa, Mzee Kasinde. Yeye hakuwa na pima maji. Alikuwa na fimbo. Siku ya kwanza kiwanjani hakuchimba kitu. Aliichomeka ile fimbo ardhini, akakaa kutwa akitazama kivuli chake. Mimi nilikuwa kijana, damu inachemka, nikamuuliza tunangoja nini.

"Namngoja jua aseme atapita wapi," akaniambia.

"Jua si linapita palepale kila siku, mzee?"

"Basi kama unajua linapopita, mbona unataka kumwekea mtu kitanda palepale?"

Kuta ndefu alizielekeza kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipate kuta fupi tu za kuunguza. Upenu aliutoa mrefu kama ukingo wa kofia. Matundu ya hewa aliyaweka mawili mawili, la chini upande huu, la juu upande wa pili, hewa ya baridi iingie kwa chini na ya moto itokee juu. Kabla ya kupiga lipu alikuwa na desturi yake: aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe katikati ya chumba, akafunga mlango, akachuchumaa humo ndani akiutazama moshi. Ukitoka haraka, aliridhika. Ukizubaa kwenye kona, alitoka nje kabisa, macho mekundu, akaamuru tofali ling'olewe. Nimemwona akimng'olea tajiri ukuta mzima kwa sababu ya kona moja.

Huko chuoni watakufundisha hayo kwa kompyuta, na watayaita kwa majina marefu. Wasikilize. Lakini nakwambia mimi niliyeyajua yote nikiwa na miaka ishirini: kuyajua hakukunisaidia kitu. Niliyajua kama mtu anavyojua sala, na nikajenga nyumba ya dada yangu kama mpagani.

Ilikuwa hivi. Baba yako alipokwenda Mwakitolyo akaoa huko na asirudi, mama yako alibaki na wewe na cherehani katika chumba cha kupanga. Mimi nikasema mbele ya watu, kwenye harusi, tena kwa kipaza sauti, kwamba nitamjengea dada yangu nyumba ambayo Nyasubi haijapata kuiona. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema tu, watu wakapiga vigelegele, na baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma.

Kiwanja kilikuwa kizuri. Ningeigeuza nyumba kidogo tu, ikae kama alivyofundisha Mzee Kasinde, leo mama yako angeshona mchana kutwa bila feni. Lakini barabara iko magharibi. Nikasema sebule itazame barabara, wapita njia waone vioo. Nikamwekea jua la saa kumi sebuleni kama mgeni wa kudumu. Kwenye paa nikaweka bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee, limekunjwa juu juu kwa mtindo, upenu kiganja kimoja. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara naitazama, nahesabu waliogeuza shingo.

Sasa ile lipu.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kumjengea mtu mmoja mwalo, yale mabwawa ya kuoshea mawe ya dhahabu, huko Mwakitolyo. Wewe hujafika huko kwa sababu mama yako hataki kupasikia, lakini kazi yao unaijua kwa masikio: jiwe linatolewa duarani, shimoni kabisa, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga, unga unaoshwa na kutiwa zebaki ili iikamate dhahabu. Mchanga unaobaki ndio marudio. Yule bwana hakuwa na cha kunipa, akanijazia lori la marudio. Nikalipeleka kwa wenye mtambo wanaoyachenjua upya, wakachukua kopo wakapima, wakaniambia halina kitu, kaa na mchanga wako.

Mchanga ulikuwa laini kama unga wa muhogo, wa kijivu, unametameta. Nikausugua kwa vidole nikawaza lipu. Na nikawaza maneno ya kuusindikiza.

Mzee Kasinde alikuwa Kahama wiki ile kwa matibabu ya macho, akapita kuniona. Alichota mchanga akaunusa, akaupeleka mwangani, ingawa sijui kwa macho yale aliona nini.

"Huu umetoka mwaloni," akasema.

"Umetoka kwenye dhahabu, mzee."

"Umelala na zebaki huu. Jengea uzio. Jengea shimo la takataka. Ndani ya watu usiuweke."

Nilikuwa na vijana sita wa zege wananisikiliza. Nikawageukia wao, si yeye. Nikasema, "Mnamwona mzee? Yeye zama zake walipiga lipu kwa kinyesi cha ng'ombe, leo mchanga wa dhahabu anauona unanuka." Walicheka sana. Mzee akajifuta mikono kwenye suruali, polepole, kila kidole, akanitakia kazi njema, akaenda zake. Hatukuonana tena. Alifia kwao mwaka uliofuata, na mimi nikatuma salamu za rambirambi na kisingizio.

Ukiniuliza kosa langu kubwa ni lipi, wengine watasema ni lile la mchanga. Mimi nasema ni kule kugeuka. Nilipowageukia wale vijana ili wacheke, hapo ndipo nilipompakia mama yako sumu ukutani.

Nyumba ikaisha. Siku ya kuingia, mama yako alitembea chumba kwa chumba akigusa kuta kwa viganja vyote viwili, wewe nyuma yake na sare yako ya shule ya msingi. Hapo nikamwambia, "Unachokigusa si lipu, Holo. Ni dhahabu. Nimekutia Mwakitolyo nzima ukutani. Ukipata shida, kwangua sebule ule mwaka mzima." Nilijua haina kitu. Wenye mtambo walishaniambia. Lakini uso wake uling'aa hata nikajiona nimempa kweli.

Habari zikatembea. Watu wakaja kuagiza lipu ya fundi Maganga, yaani yangu, nami nikawapigia lipu ya mchanga wa kawaida wa mtoni nikiwaambia ni uleule. Zote nilizopiga baada ya hapo zilikuwa za uongo. Wale niliowadanganya wote ni wazima. Niliyempa ule wenyewe ndiye anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Unaukumbuka msiba wa bibi yako. Waombolezaji walijaa sebuleni, na wewe ndiye uliyekuja kunivuta shati ukaninong'oneza, "Mjomba, wanakwangua." Nikaingia. Kina mama wameegemea ukuta, wanalia kwa sauti, na chini ya khanga mikono inakwangua kwa funguo, kwa vibanio, mmoja kwa kijiko cha ubwabwa. Msibani nilikasirika, lakini jioni kwenye kahawa nilisimulia mimi mwenyewe, nikaongeza mtu aliyekuja na sururu. Wiki ile mtu akapenyeza waya kwenye tundu la chini la chumba cha kushonea akakwangua kwa ndani. Nikaja na ndoo ya zege nikayaziba matundu yote, ya chini na ya juu. Madirisha nikayaongezea nondo na vioo visivyofunguka. Dada yangu akaniambia joto litatuua, kaka. Nikamjibu nitakuletea feni.

Nikaleta feni. Ikawa inachukua hewa ya moto hapa inaipeleka pale. Inawashwa asubuhi, inazimwa usiku, umeme unakwisha kama maji kwenye pakacha, na mama yako ameketi chini yake kwenye cherehani, mgongo kwenye ukuta wa magharibi, ukuta wenyewe una joto la sufuria. Miaka. Hebu fikiria, Minza: jua nililielekeza mimi, bati nililikunja mimi, hewa niliifunga mimi, na sumu niliipaka mimi, kwa mwiko ule ule na kwa mbwembwe. Mchawi gani angefanya kazi safi namna hiyo.

Maana walisema ni mchawi. Mikono ilipoanza kutetemeka, kola za sare zikatoka upande, wateja wakapungua, fizi zikawa zinamuuma, akawa halali, akawa anakufokea kwa kijiko kilichoanguka, ndipo majirani wakaanza kumtazama Mama Ngollo wa mandazi. Kwa sababu gani? Kwa sababu anakaa mlango wa pili na macho yake ni mekundu. Yule mama anapika mandazi tangu alfajiri kwenye kibanda kisicho na pa kutokea moshi. Mimi ni fundi, niliona kibanda kile kila siku, tofali mbili tu zingeng'olewa juu ya jiko macho yangepona. Sikuzing'oa. Watu wakaacha kununua mandazi yake, wakaacha kumsalimia, akahama. Wewe ulilia siku alipofungasha. Uliniuliza, "Mjomba, kweli ni yeye?" Nikakujibu, "Watu wazima wanajua wanachosema." Wakati huo nilikuwa bado sijapata hakika. Nilikuwa na shaka tu. Lakini shaka ile ilikuwa na umbo la mchanga wa kijivu, na nikaona afadhali abebe mtu mwingine.

Hakika niliipata ulipokuwa kidato cha pili. Walikuja watu wa afya na chombo cha kupimia hewa, wanapita nyumba za wanaochomea dhahabu majumbani. Aliyekuwa nacho alikuwa dada mmoja mdogo tu, mpole, amefunga kilemba. Nilimkuta anaelekea mlango wenu. Nikamwambia hawapo, wamesafiri. Mama yako alikuwa ndani anashona, cherehani inasikika mpaka barabarani. Yule dada akanitazama, akasikiliza, akapita.

Sikuweza kutulia. Kesho yake nikabandua kipande cha lipu nyuma ya kabati la vyombo, nikakitia kwenye kopo la maziwa nikampelekea ofisini kwao. Akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akauweka juani dirishani, tukakaa. Baadaye akapenyeza mdomo wa kile chombo. Namba zikaanza kupanda. Zilipanda kama ngazi anayopanda mtu anayekimbizwa.

"Baba, umekitoa wapi hiki?"

"Ukutani."

"Zebaki haikai, baba. Nyumba ikipata joto inapanda hewani. Huioni, hainuki. Kama hewa haina pa kutokea, anaivuta aliyemo." Akaniangalia usoni. "Nani anaishi humo?"

Minza, nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Maneno mawili tu: dada yangu. Nikasema, "Hakuna mtu. Ni stoo."

Akanieleza ya kufanya kama mtu anavyomweleza mwenye stoo. Nikamshukuru. Nikarudi Nyasubi nikawatangazia kwamba mpwa wangu ana akili za kupita kiasi, haiwezekani asome shule ya kutwa, nitampeleka bweni Shinyanga kwa gharama zangu. Mama yako alilia kwa furaha, akaniita baba yake. Wewe ulinishika shingo. Umelisimulia jambo lile kwenye mahafali yako, mbele ya wazazi wote, kwamba una mjomba aliyejitolea.

Nilikutoa wewe, nikamwacha yeye.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono mwepesi ili isitoboe karatasi. Nilijiambia nitarekebisha taratibu, nitasema ni ukarabati, nitabandua chumba kimoja kimoja. Lakini fundi Maganga hawezi kubandua lipu yake mwenyewe mchana kweupe bila watu kuuliza. Nikawaza nyumba zote nilizopiga lipu ya uongo, nikawaza wenyewe watakavyokuja mlangoni kwangu, wengine wakiogopa sumu, wengine wakidai dhahabu. Nikakaa kimya mwaka. Mwaka ukazaa mwingine. Ukija likizo nilihakikisha una shughuli nyingi za nje, nakutuma huku na huku, nakupeleka Masumbwe, ukadhani napenda kutembea na wewe.

Kilichonivunja ni fomu zako za chuo. Mwezi uliopita, pale mezani, mzazi aweke sahihi. Mama yako ana mwandiko mzuri kuliko mimi na wewe, ndiye aliyekuwa akiandikia barua wanakwaya wenzake. Alishika kalamu, akaitua, akaishika tena, kisha akaomba wino wa mhuri akaweka dole gumba. Akasema kalamu mbovu. Wewe ulicheka ukamwambia, "Mama umezeeka." Naye akacheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye lile jua la magharibi mpaka lilipokwisha.

Basi Jumapili iliyopita, wewe ukiwa kanisani, nilikwenda kumwambia. Nimekuwa mtu mzima siku nyingi, lakini siku ile ndipo nilipoianza kazi yenyewe ya utu uzima. Nilimkuta anahangaika na kitufe.

"Mhola, Holo?"

"Mhola duhu, kaka. Karibu ukae, nishikie hiki kitambaa."

Nikashika kitambaa. Nikasema, "Holo, lipu ya nyumba hii ina sumu."

Hakuinua hata kichwa. "Siku zote ilikuwa na dhahabu."

"Sikutanii. Ina zebaki. Ndiyo inayokutetemesha."

"Na lile chatu ulilolikuta kwenye msingi kule Ushirombo, likakuomba maji ya kunywa kwa Kisukuma, nalo lilikuwa na zebaki?"

"Holo."

"Ukalinywesha kwenye kofia, likasema asante." Alishaanza kucheka. Alicheka mpaka kitufe kikamdondoka, akawa anafuta machozi kwa ncha ya khanga, mkono unatetemeka shavuni. "Kaka, wewe Mungu akuweke. Nilikuwa nimeamka vibaya leo."

Nikapiga magoti, Minza. Mimi. Nikamwambia ahame kesho, aje akae kwangu. Hapo ndipo akaacha kucheka, lakini si kwa namna niliyoitaka.

"Mke wako ndiye aliyekutuma?" akaniuliza. "Nyumba imependeza, mnataka mpangishe?"

"Wallahi sitaki nyumba."

"Nyumba hii ndiyo kitu pekee nilichopewa na mtu bila kuniacha. Usije ukanitoa kwa hadithi."

Akachukua kitambaa chake mkononi mwangu. Nilimwapia kwa bibi yako aliyelala kaburini, akaniambia nisimsumbue marehemu. Nilimwonyesha kidonda cha lipu nyuma ya kabati, akasema ni panya. Nimerudi Jumanne na Alhamisi. Alhamisi alikuwa ameshawasimulia wanakwaya wenzake, nikawakuta wananingoja, mmoja akaniuliza kama sumu yenyewe ni ya gramu ngapi.

Ng'wanone, mwanangu, hivyo ndivyo nilivyo. Nimesema uongo mtamu kwa miaka mingi hata ukweli wangu wa kwanza umekosa pa kukaa. Sikuandikii ili unisamehe. Ukifika huko ukawa msanifu au injinia, utakutana na watu wengi wanaojua kuongea, na wewe mwenyewe una ulimi wangu, nimeusikia. Mtu atakusifia jengo kwa vioo vyake na jinsi linavyoonekana kutoka barabarani. Ingia ndani saa nane mchana ukae. Muulize mama anayefua humo, muulize anayeshona humo, analala vipi, anakohoa, umeme unakwisha upesi kiasi gani. Uliza mchanga umetoka wapi, na anayekujibu kwa haraka umwogope. Na ukikosea, maana utakosea, useme siku hiyo hiyo, kwa maneno makavu, yasiyo na chatu ndani yake.

Sasa ninachokuomba. Basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitakupa barua hii jioni hii, mkononi, na nitaondoka kabla hujaifungua. Vuta kabati la vyombo utazame nyuma yake: chini ya rangi kuna mchanga wa kijivu unaometa. Usiukwangue, tazama tu. Mama yako mdogo wa Ushirombo nimeshaongea naye kwenye simu, chumba kiko tayari, kina madirisha mawili yanayotazamana. Mama yako akusindikize mpaka stendi akiwa na nguo zake, na ukishapanda lako naye apande la Ushirombo. Akifika huko apelekwe hospitali ya mkoa, na daktari atajiwe zebaki kwa jina, maana wamempima kila kitu isipokuwa hicho. Akishatoka, mimi nitayafungua matundu, nitailowesha lipu yote maji ili vumbi lisiruke, nitaibandua mpaka kwenye tofali, na itapelekwa alikonielekeza yule dada wa afya. Nitaifanya mchana. Atakayeuliza nitamjibu, na wenye zile lipu za uongo nitawafuata nyumba kwa nyumba.

Kama ukiamua usisafiri kwanza, ni haki yako. Lakini nakuomba usafiri.

Yeye anakuamini wewe. Hujawahi kumwambia jambo likawa sivyo, hata ulipovunja ile sahani ya harusi ulimfuata na vipande. Basi mwambie wewe. Mwambie nje, uani, si ndani. Mwambie umeona kwa macho yako, na itakuwa kweli, maana utakuwa umeona. Jina langu usilitaje. Ukilitaja tu atacheka, na akishacheka atarudi ndani.

Mjomba wako.